Limau Lililomenywa Nusu

Mtu mmoja aliyeitwa Lali alikuwa na picha ya kale aliyoirithi kwa marehemu baba yake. Ilionyesha meza yenye makomamanga, birika la fedha, na limau lililomenywa nusu, ganda lake likining'inia ukingoni. Jamani, limau lile! Wageni walikuwa wakilitazama, mate yanawajaa kinywani.

Siku moja fundi wa fremu akamwambia Lali kwamba jua hufifisha rangi. Basi Lali akafunga madirisha ya sebule, na juu ya picha akatundika shuka zito. Lakini sebuleni humo ndimo alimolala mama yake, Bi Mwanatumu, ambaye miguu ilikuwa imemwisha nguvu. Dirisha la kando ya kitanda chake ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kutoka nje. Kupitia hapo majirani walimwamkia, naye akawauliza habari za watoto wao. Sasa likafungwa.

Msimwone Lali mtu mbaya. Alimpenda mama yake. Alimkanda miguu, alimpikia uji kwa mkono wake mwenyewe. Kila alipoombwa afungue dirisha alijibu, "Kesho, mama. Nitafute kwanza pa kuiweka picha." Kesho hiyo haikufika. Mama akaanza kukohoa, kifua kikambana, hata kulala akalala ameketi. Ndipo alipomshika mwanawe mkono.

"Mwanangu," akasema, "limau la ukutani halijakuomba kitu. Mimi nakuomba hewa."

Lali aliona haya mpaka machozi yakamlengalenga. Akainuka, akasukuma madirisha yote, kisha akavuta shuka ili aihamishe picha. Lo! Picha ilikuwa imeliwa na ukungu. Nyumba za mawe na chokaa zikikosa hewa, kuta hutoa unyevu. Mji mzima ulilijua hilo, na Lali pia, ila hofu ya jua ilimsahaulisha. Makomamanga yalikuwa yameota manyoya ya kijivu. Limau halikuonekana tena. Akajitupa kando ya kitanda, akalia kama mtoto.

Mama hakumlaumu. Alimpapasa kichwa, akamwagiza limau jikoni. Lali akalimenya pale pale dirishani, taratibu, ganda likining'inia mkononi mwake. Mama akalinusa, akavuta pumzi ndefu, akatabasamu. Huko nje mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akasimama ghafla.

"Ee, Bi Mwanatumu! Sisi tulidhani umehama!"

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja ana picha yake. Ya mwingine ni cheo, ya mwingine ni jina la ukoo, ya mwingine ni sifa yake mbele za watu. Siwaambii muitupe. Nawauliza tu: humo ndani mlimofunga madirisha ili isichakae, nani anakohoa?