Mpaka Udongo Ukauke Mikononi

Paukwa!

(Pakawa.)

Mbona mnaitikia kinyonge, hamjala? Paukwa!

(Pakawaaa!)

Haya, sasa nasikia watu. Sogeeni. Mwenye kutaka kucheka acheke, mimi sikatazi.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Wake kwa waume, wote mikono udongo. Kila mtu alifinyanga kwake, lakini moto ulikuwa mmoja tu. Vyombo vyote vilipangwa rundo moja uwanjani, vikafunikwa kuni na majani makavu, vikachomwa pamoja. Nanyi mnajua chungu chenye maji ndani kikiingia motoni kinafanya nini?

Paa! Kinapasuka. Kinavunja cha jirani, na cha jirani kinavunja cha jirani yake. Paa! Paa! Paa!

Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Chombo hakiingii motoni mpaka mtu mwingine akiguse kwa shavu lake. Shavu likihisi ubaridi, chungu hakijakauka, kingoje. Na shavu lako mwenyewe halikubaliki, maana mwenye chungu ana haraka, na mwenye haraka huona kila kitu kimekauka.

Basi ikaja miaka ya kununiana. Huyu hasemi na yule, yule hapiti kwa huyu. Kila mtu akajipimia vyombo vyake. Moto ukawashwa. Paa! Paa! Uwanja mzima vigae.

"Ni chako hicho!"

"Changu? Chako wewe!"

Wakamwendea Bibi Sikudhani. Alikuwa kizee mfupi, mwenye meno mawili na sauti ya watu watatu.

"Bibi, tuambie nani katuvunjia."

"Nitajuaje, kwani mimi nilikuwa motoni? Kaeni chini."

Wakakaa, duara moja.

"Msinawe mikono. Fumbeni macho, vuteni pumzi polepole, mzitoe polepole. Kila mtu amtakie heri aliye kushoto kwake, kimoyomoyo. Ashibe. Alale vizuri. Apone kinachomuuma. Mkae hivyo mpaka udongo ukauke mikononi."

Wakavuta. Hhhuuu. Wakatoa. Hhhaaa. Tumbo la mtu likanguruma, kuruuu! Mzee Mbwego akapitiwa na usingizi, khorooo! Watu wakaangua kicheko, na Bibi akacheka kuliko wote hadi akapaliwa.

"Haya," akasema akijifuta machozi. "Tena."

Hhhuuu. Hhhaaa. Tena na tena, mpaka udongo ukakauka.

"Mkiinuka," akasema, "msiiache heri hiyo hapa uwanjani. Nendeni nayo."

Ikawa hivyo kila siku ya moto, kabla haujawashwa. Mtu alimtakia jirani yake ashibe, akifika nyumbani anaona aibu kula peke yake. Sahani zikaanza kuvuka nyua. Wazee wakachotewa maji bila kuomba. Mashavu yakarudi kwenye vyungu vya watu.

Isipokuwa ya Siwema na Nunu, wao kwa wao.

Siwema alikuwa mfinyanzi hodari, mwepesi wa kukasirika. Nunu alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Siku moja, mbele za watu, Nunu alikitazama chungu cha Siwema kilichopinda kidogo, akasema, "Wifi, hiki kimelewa?" Watu wakacheka. Siwema hakucheka. Miezi sita wakawa hawasemeshani.

Na Bibi Sikudhani, kwa ukorofi wake wa kizee, akamketisha Nunu kushoto kwa Siwema. Siku ya kwanza Siwema alifumba macho, akavuta pumzi, akamtakia Nunu upele.

"Siwema," Bibi akamwita baadaye, "mbona ulikuwa unatabasamu?"

"Heri tu, Bibi."

"Mmh. Heri hiyo inawasha, naona."

Sasa Mwasiti, binti wa pekee wa Siwema, akaposwa. Na katika kijiji hicho bibi harusi hakuingia nyumba mpya bila mtungi uliofinyangwa na mama yake. Bila mtungi, angeonekana hana kwao. Siwema akafinyanga mtungi mkubwa, mpana, mzito wa kitako. Mvua ikanyesha siku saba, mtungi haukauki. Harusi ikabaki siku nne, na moto ulikuwa mmoja tu kabla yake.

Mwenye shavu la kuaminika kuliko wote kijijini alikuwa nani? Nunu! Siwema angemwomba Nunu? Thubutu! Akaupima mwenyewe, asije mwingine akamwambia ungoje.

"Umekauka," akajiambia. Akauweka katikati ya rundo.

Wakakaa duara, udongo mikononi. Hhhuuu. Hhhaaa. Siwema akafumba macho, lakini moyo ulikuwa juu juu, unawaza mtungi tu. Akavuta pumzi. Akasikia ya Nunu pembeni yake: inaingia, inakatika, inaingia, inakatika. Mtu mwenye maumivu ndivyo anavyopumua. Siwema akafumbua jicho moja. Akauona mguu wa Nunu, umevimba, umefungwa kitambaa kilichoganda kwa usaha.

Akafumba tena. Ashibe, akasema moyoni. Alale vizuri. Akakwama. Apone, akasema, na safari hii alimaanisha.

Udongo haujakauka hata nusu, Siwema akafungua mdomo.

"Wifi. Mguu una nini?"

Duara zima likafumbua macho. Nunu akamtazama.

"Mwiba. Siku kumi leo. Aliyezoea kunitolea miiba ni wewe."

"Siku kumi! Nami nipo hapo, ukuta kwa ukuta nawe!"

Nunu akaanza kulia. "Wifi, nisamehe. Mtungi wako ni mbichi. Kitako bado cheusi kwa maji, nimekiona tangu asubuhi. Nikaogopa utasema nakucheka tena."

Siwema akaruka. "Msiwashe! Msiwashe moto!"

Wakautoa mtungi. Nunu akaweka shavu kwenye kitako.

"Baridi," akasema. "Kama mtoni."

Siwema akakaa chini pu! Sasa Mwasiti ataolewa vipi? Kila mtu ana vyombo vyake, kila mtu ana haraka zake. Akaona aibu hata kuomba.

Bibi Sikudhani akasimama, akavitoa vyungu vyake viwili kwenye rundo, akaviweka kando.

"Mimi leo sichomi," akasema. "Nangoja mtungi wa harusi."

Mzee Mbwego akatoa vyake. Wa tatu akatoa. Wa nne. Hakuna aliyehimizwa. Wakaleta majivu ya moto kutoka mekoni, wakauzungushia mtungi, wakaugeuza kutwa, na kesho yake kutwa. Siwema akauacha mikononi mwao. Yeye alikuwa amepiga magoti mbele ya Nunu na sindano, anatoa mwiba.

Siku ya tatu Nunu akaweka shavu. "Tayari!"

Moto ukawaka, wuuu! Watu wakasikiliza. Hakuna paa. Hata moja! Mtungi ulipopoa wakaugonga kwa kidole, ukalia ngeee, vigelegele vikapasua anga.

Harusini, abebaye mtungi wa bibi harusi kichwani ni shangazi yake. Na shangazi ndiye Nunu, mguu bado una kidonda. Siwema akamshika mkono. Nunu akapiga hatua, akachechemea. Mpiga ngoma akaona. Akapunguza mwendo: ndu, ndu-ndu. Ndu, ndu-ndu. Bibi Sikudhani akaanza kuchechemea naye. Kisha Mzee Mbwego. Kisha bibi harusi mwenyewe! Msafara wote ukaenda unachechemea, unaimba, mpaka mlangoni kwa bwana harusi, ambako watu waliuliza ni ngoma gani nzuri hii.

Basi wanangu, tulieni pamoja, mtakianeni mema, kisha muinuke mkayatende. Moyo uliotulia husikia pumzi ya jirani.

Hadithi yangu imekomea hapo mlangoni. Mimi nikarudi, wao wakaingia kula pilau.