Ubao Usio na Tundu

Mnacheka. Bwana harusi amelowa maji ya mtungi mzima, viganja vinamteleza, anapekecha vijiti mbele ya wakwe tangu asubuhi, nanyi watu wa upande wake mnanong'ona kwamba tunamtesa kijana ilhali kiberiti kimo mfukoni mwake. Nimewasikia. Mimi shangazi wa bibi harusi ndiye niliyemmwagia maji, kwa hiyo ni juu yangu kuwaeleza.

Zamani hakukuwa na mtu wa mlima huu aliyejua kuwasha moto, na kila mmoja aliamini anajua. Moto ulikuwa wa kuombwa. Kukipambazuka, mwanamke alichukua kigae akaenda kwa jirani, akarudi na makaa mawili matatu yaliyofukiwa kwenye majivu. Jirani naye alikuwa ameomba kwa mwingine. Vijiti vya kupekechea vilikuwepo kila nyumba, lakini vilitundikwa ukutani vitazamwe na wageni. Wanaume wakaanza kushindana. Huyu alichonga vyake kwa mpingo wa bondeni, kijiti na ubao wake. Yule akazungushia nyaya za shaba. Mwingine akavipaka mafuta ya mbarika hadi vikang'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hakuna aliyejiuliza mti mgumu ukisuguliwa juu ya mti mgumu hutoa nini.

Aliyekuwa na vizuri kuliko wote ni Senzota. Mkewe, Nakijwa, alizaliwa ng'ambo ya mlima, na alipoolewa mama yake alimpa vijiti vyake mwenyewe: kijiti cha mkole na ubao laini wa mkuyu, vyeusi kwa moshi, ubao umejaa matundu yaliyoungua. Kila tundu lilikuwa moto mmoja uliowahi kuwaka. Alivifunga ndani ya maganda makavu ya mgomba, akavitunza.

Mtoto wao wa kwanza alipofikisha miezi mitatu, ilibidi apelekwe kwa babu yake mzaa mama kupewa jina. Ndiyo iliyokuwa desturi. Safari ilikuwa ya siku nzima, kupitia kileleni. Asubuhi ile Senzota aliona lile furushi la maganda kwenye kikapu cha mkewe, akalitoa.

"Utanitia aibu kwa baba," alisema. "Wataona mkwe wao hana hata vijiti vya maana."

"Hivi vimeshawasha moto, mume wangu. Hivyo vyako je?"

"Vyangu havijawahi kushindwa."

Alisema kweli. Havikuwahi kushindwa kwa sababu havikuwahi kujaribiwa. Nakijwa alikuwa mzazi mchanga, na hakutaka kuanza safari ya mtoto kwa ugomvi. Akaliacha furushi chini ya kitanda. Mimi simlaumu, ingawa najua alijilaumu mpaka anaingia kaburini.

Walibeba makaa kwenye chungu kidogo. Jua lilipokuwa utosini walifika kileleni, na hapo ikawapiga mvua ya mawe. Walipokimbilia pangoni chungu kilikuwa kimejaa maji. Mle pangoni wapita njia walikuwa wameacha kuni kavu, majani makavu, na mavi ya tembo yaliyokauka ambayo hushika moto upesi. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa moto wenyewe.

Senzota akatoa vijiti vyake vizuri akaanza kupekecha. Mpingo uliteleza juu ya mpingo, mafuta yakazidi kuulainisha. Alipekecha mpaka viganja vikachubuka. Haukutoka hata moshi. Nakijwa alimweka mtoto kifuani ndani ya nguo zilizolowa, akamhemea, akamsugua miguu. Mtoto alilia kwa nguvu, kisha akalia kidogo, kisha Senzota akasikia sauti ya vijiti vyake tu. Aliendelea kupekecha. Aliogopa kuacha, maana angeacha angelazimika kugeuka.

Walifika kwa wakwe na maiti. Jina lilikuwa limeshachaguliwa, likabaki kwa babu. Mama yake Nakijwa hakupiga yowe. Alivipokea vile vijiti vya mpingo, akavigeuza, akapapasa ubao wote kwa kidole, haukuwa na tundu hata moja. Akavitupa mekoni. Vikawaka vizuri sana, na huo ndio moto pekee viliowahi kutoa.

Na tangu siku hiyo, kwetu vijiti vya moto havichongwi kwa mpingo wala havipakwi mafuta. Bibi harusi hubeba vya kwake na hakuna mume anayevigusa. Bwana harusi humwagiwa maji, akawasha akiwa amelowa, kwa vijiti alivyovichagua mwenyewe, na wakwe huukagua ubao wake. Ubao usio na tundu haupiti mlangoni. Wengine husema ni desturi ya baraka. Si baraka. Ni aibu yetu, kwa sababu mimi na bibi harusi huyu tumetokana na Senzota, kwa watoto waliofuata.

Moto ukishika hatuutumii kupikia chochote. Tunauacha uwake mpaka uzime wenyewe; ni moto wa yule mtoto aliyekosa jina.

Najua kijana ana kiberiti. Senzota naye alikuwa na chungu cha makaa. Mwacheni apekeche.