Tairi za Bibi Harusi

Ndege mdogo akiazima ubawa wa mwewe hafiki mbali; huenda hata pale alipo asibanduke. Kinyozi mmoja alilijua hilo vizuri, ila kwa mambo ya wenzake tu.

Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake wa kike. Sasa binti alikuwa anaolewa, na kinyozi ndiye angetia sahihi ya shahidi mahali pa marehemu. Furaha ilimjaa hadi pomoni. Akataka hata kigari chake kipendeze, akaenda kununua tairi nene na pana, kama za gari la jirani yake.

"Hizi si saizi yake," muuzaji alimwambia, akimwonyesha kibandiko cha vipimo kwenye mlango wa gari. "Ukipakia watu zitasaga bodi."

"Gari langu au lako? Funga!"

Akalijaribu peke yake. Lo! Likateleza kama siagi. Nyumbani dada yake akacheka.

"Kaka, mimi nakutaka wewe tu. Hata ungenibeba kwa toroli ningepanda."

"Hebu nyamaza, bibi harusi. Utakwenda kama malkia."

Siku ikawadia. Wakapanda bibi harusi, mama yao na shangazi, mwanamke wa miraba minne. Gari likadidimia. Kwenye kona ya kwanza, kwaruu! Tairi zikasaga bati, harufu ya mpira ulioungua ikajaa ndani. Shangazi akashuka huku akiguna, bado likasaga. Jirani, aliyekuwa akiwafuata na mkewe, akasimama. Kiti chake cha nyuma kilikuwa na nafasi tatu.

"Mwanangu, msajili wa ndoa hatatusubiri," mama alisema kwa upole.

"Nendeni," kinyozi akajibu. "Nakuja."

Gari lilipobaki tupu likanyanyuka na kwenda bila kelele, lakini kwa tairi zile zilizochubuka hakuthubutu kukimbia. Alipofika kwa msajili, maharusi walikuwa wanatoka nje kwa shangwe. Dada yake akamkumbatia, machozi yakimlengalenga.

"Tuliomba watungoje, kaka, wakakataa. Jirani ndiye aliyetia sahihi."

Kinyozi akageuka, akalitazama gari. Gari lake lilikuwa limependeza kweli kweli, na lilikuwa limemleta yeye peke yake. Ama kweli, kila ndege huruka kwa ubawa wake.