Vigingi vya Sultani Badawi

Palikuwa na sultani mmoja pale Tumbweni, jina lake Badawi, na kitu alichokipenda kuliko ufalme wenyewe kilikuwa usingizi wa mchana. Akishamaliza wali wake akajinyoosha, mji mzima ulitakiwa unyamaze. Watu walinyamaza. Kuku walifungiwa. Lakini barabara ya kwenda sokoni ilipita chini ya dirisha lake, ikapinda palepale ukutani, na punda, jamani, punda hajui sultani. Akifika kwenye kona ile, lazima alie. Barabara hiyo mpaka leo ipo, na mpaka leo inapinda palepale. Nisikilizeni mjue kwa nini.

Siku moja Sultani akazinduka usingizini, macho mekundu, akafoka: "Barabara ihame!" Ihamie wapi? Upande wa pili wa mji, ipasue katikati ya kiwanja cha Ngwali.

Ngwali alikuwa mchukuzi maskini. Alikuwa na punda kadhaa wa kubebea mizigo ya watu, kijumba cha udongo cha vyumba viwili, na kisima kilichochimbwa na babu yake. Asubuhi yake alirudi kutoka msikitini akakuta vigingi vimeshapigwa, kimoja katikati ya jiko la mkewe. Mke analia. Ngwali alikasirika, maana pengine pa kwenda hakuwa napo.

Sasa, desturi ya Tumbweni ni kwamba njia haihamishwi mpaka watu waulizwe. Basi Sultani akaitisha baraza ili watu waulizwe, vigingi vimeshapigwa. Msicheke. Kwenu je?

"Toeni maoni yenu bila hofu," akasema Sultani, na nyuma yake askari wanne wamesimama na bakora.

Akainuka Bi Mize, msuka mikeka. "Mimi siitaki. Inazunguka mno. Nikifika sokoni wanunuzi wameshaondoka."

Karani wa Sultani akaandika huku akisoma kwa sauti: "Bi Mize ameafiki."

Akainuka Vuai kinyozi. "Huko kuna tope. Masika tutazama mpaka magotini!"

"Vuai ameafiki," akasoma Karani, "tena kwa furaha."

Mzee mmoja wa nyuma alipiga chafya tu. Naye akaandikwa ameafiki.

Ngwali akasimama, kofia mkononi.

"Wewe najua unapinga," akasema Sultani.

"Mimi, Maulana? Mimi naafiki."

Karani akainua kichwa. Tangu asubuhi alikuwa ameliandika neno hilo mara arobaini, ila kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu ndiyo mara ya kwanza.

"Unaafiki nyumba yako ivunjwe?"

"Nyumba yangu ni nini mbele ya usingizi wa Maulana? Ivunjwe. Ninachoomba ni desturi tu."

"Desturi gani tena?"

Ngwali akamgeukia Kadhi, aliyeketi kando ya Sultani. "Shehe, mtu akivunjiwa nyumba kupisha njia mpya, hupewa nini?"

"Hupewa njia ya zamani," akajibu Kadhi. "Ardhi kwa ardhi. Ndivyo tangu enzi za babu yake Maulana."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikaenda upande. Kile kipande cha vumbi! Mtu anatoa kiwanja chenye kisima, anachukua vumbi! "Mpeni! Kadhi, andika, na muhuri wangu huu hapa. Asije mtu akasema mimi dhalimu."

Kadhi akaandika. Muhuri ukagongwa. Ngwali akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaipuliza wino ukauke, akaikunja, akaitia ndani ya kofia, na kofia akaivaa.

"Haya, Ngwali," akasema Sultani, bado ana kicheko. "Utajenga nini hapo ukutani kwangu?"

"Kijumba, Maulana. Cha kujihifadhi mimi na mke wangu."

"Vizuri."

"Na zizi."

"Zizi la nini?"

"La punda, Maulana. Chini ya dirisha lako pana kivuli kizuri sana mchana. Zamani walikuwa wakipita tu, maskini, jua linawachoma. Sasa watakaa."

Bi Mize akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mabega yakawa yanamcheza.

"Unao punda wangapi?" akauliza Sultani, na kile kicheko hakikuwapo tena.

"Kumi na mmoja, Maulana. Na majike wanne, kwa dua zako, wana mimba."

Sultani akaruka kutoka kitini. "Rudisha hiyo karatasi! Kadhi, futa!"

"Ina muhuri wako, Maulana," akasema Kadhi taratibu. "Muhuri wa Maulana nani ataufuta?"

"Basi barabara haihami! Vigingi ving'olewe! Mnanisikia? Mbele ya watu wote, mimi Sultani Badawi napinga! Napinga!"

Baraza zima likanyamaza, kimya kile alichokuwa akikitaka kila mchana. Ngwali akamgeukia Karani, akainama kwa adabu.

"Bwana Karani, Maulana naye ametoa maoni yake. Yaandike kama ulivyoyaandika ya kwetu."