Pimbi, Kiboko na Patasi Isiyotoka

Ngano, ngano!
— Ipepete!
Ina mawe?
— Tutatafuna hivyo hivyo!

Vizuri, meno mnayo. Kaeni basi. Na wewe uliyesimama mlangoni, ama ingia ama toka, maana ngano hii yenyewe haitulii.

Zamani, ila si zamani sana kwa kuwa kompyuta zilikuwapo, wanyama wa Bonde la Migunga walikuwa na tangi moja la mawe lililojaa maji ya chemchemi. Kuta zake zilikuwa ndefu kuliko Twiga. Mifereji ilitoka tangini, kila ukoo na mfereji wake, na kila mfereji una lango la chuma. Malango yaliendeshwa na kompyuta iliyofungwa kwenye nguzo.

Siku moja radi ikapiga, paaa! Programu ya malango ikafa. Malango yakajifunga yote.

Kiboko, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu, akaombwa ayafungue kwa mkono. Akayafungua. Lile la dimbwi lake alilifungua wazi kabisa, fwaaa! Ya wengine aliyafungua upana wa kidole, to... to... to.

Wanyama wakakutana. Wakasema, "Tuandike programu mpya, igawe maji sawa kwa sawa."

Chombo cha kuandikia programu kiliitwa Patasi. Patasi haikuwa na mwenyewe. Walioitengeneza ni mchwa wa kichuguu kikubwa, bila mshahara, na maandishi yake ya ndani waliyaweka wazi. Atakaye asome, atakaye anakili, akiona dosari aseme. Patasi ya zamani haikuelewana tena na malango. Patasi mpya ilikuwa njiani. Toleo la majaribio lilikwisha kutoka. Toleo thabiti, lile lisiloyumba, bado.

Kiboko akainua kichwa kutoka dimbwini. "Mimi ndiye mlinzi wa malango. Sitaki majaribio kwenye tangi langu. Tungoje toleo thabiti."

"Tangi lako tangu lini?" akauliza Mama Digidigi.

"Tungoje," akasema Kiboko, akazama. Blubu!

Wakangoja. Wakaenda kichuguuni. "Jamani mchwa, tayari?"

"Bado kidogo."

Wakangoja. Wakaenda tena. "Jamani mchwa, tayari?"

"Bado kidogo."

Jua likawaka. Nyasi zikawa kacha-kacha. Mama Digidigi, mwenye mapacha wachanga, alizunguka kichuguu tapu-tapu-tapu mpaka kwato zake zikachora njia. Kila jioni alimwomba Kiboko aongeze walau kidole kimoja cha maji. Kila jioni Kiboko alijibu, "Mpaka toleo thabiti, mama."

"Msitukimbize," akasema Mchwa mmoja mzee, wala hakuwa na hasira. "Tuko wachache, na kila mmoja ana kwake na shughuli zake. Dosari zilizobaki tumeziandika kwenye orodha ile pale. Someni wenyewe."

Nani asome? Orodha ilikuwa ndefu kama utumbo wa Tembo.

Pimbi akasoma. Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, asiye na mkia wala subira. Kukaa hawezi. Alisoma huku akipanda jiwe, alisoma huku akishuka jiwe. Dosari ya kwanza, ya pili, ya ishirini. Alipofika ya arobaini na moja akasimama tuli, na wenzake wakadhani anaumwa.

Iliandikwa hivi: "Katika toleo la majaribio, neno 'isipokuwa' linageuza amri. Ukitaja wote isipokuwa mmoja, amri itamshika yule mmoja, na wengine wote watafanyiwa kinyume chake."

Asubuhi ile pacha mmoja wa Mama Digidigi hakuinuka. Pimbi akamwona, akakimbia hadi dimbwini.

"Mheshimiwa Kiboko, nimetoka kwa mchwa. Siku yoyote toleo thabiti litatoka. Utakunywa kwa zamu kama shomoro."

Kiboko akakohoa maji. "Nifanye nini?"

"Weka programu yako kwanza, kabla yao. Nitakuandikia kwa toleo la majaribio."

"Andika! Andika hivi: malango yafungwe kwa wote isipokuwa Kiboko!"

"Neno kwa neno, mheshimiwa?"

"Neno kwa neno! Usiongeze, usipunguze!"

Pimbi akapanda nguzo. Chaka-chaka-chaka, vidole juu ya vitufe. Kisha akauliza, "Na wakija kuitoa?"

Kiboko akanguruma bonde zima likasikia. "Programu iliyomo haiguswi! Na yeyote! Hata mimi mwenyewe! Mpaka toleo thabiti litoke!"

Wanyama wakaja mbio, wakamkuta Pimbi nguzoni.

"Shoga yangu," akasema Mama Digidigi, sauti imemkauka, "umetuuza?"

Pimbi akageukia vitufe. Aliwaza, je, kama mchwa wameirekebisha dosari ile leo asubuhi? Akafumba macho, akabonyeza. Ka!

Kimya.

Kisha ngi! Lango la Kiboko likajifunga. Na fwaaa, fwaaa, fwaaa! Malango mengine yote yakafunguka. Mama Digidigi alimkokota mwanawe hadi mferejini, akamlowesha pua. Pacha akapiga chafya. Akanywa.

"Itoe!" akalia Kiboko, akisukuma lango lake kwa bega. Lakini lango lenye programu halikubali bega. "Pimbi, itoe!"

"Siwezi, mheshimiwa. Amri yako."

Kiboko akaenda kichuguuni, ardhi ikitikisika du-du-du. "Tayari?"

"Tumemaliza!" wakasema mchwa. "Tunalitoa kesho."

Kabla hajatabasamu, Mama Digidigi akafika akihema. "Jamani mchwa, nimeona dosari! Herufi moja imeinama."

"Asante, mama. Tutaitazama. Basi, bado kidogo."

Keshokutwa yake akaja Nungunungu, ati rangi ya Patasi inamuumiza macho. Mtondo akaja Twiga, ati maandishi yapo chini mno. Hakuna aliyekuwa mvivu wa kusoma tena.

Siku hizi Kiboko anakunywa kwenye mfereji wa akina Digidigi, kwa zamu, nyuma ya mapacha wawili wanaochezea maji makusudi.

Na funzo? Funzo ni hili, wanangu: msiwe na papara. Mwenye papara kama Pimbi hafiki popote. Ngojeni toleo thabiti kwa utulivu, kama anavyongoja Kiboko, ambaye sasa ni mnyama mvumilivu kuliko wote bondeni. Na mkipewa orodha ndefu ya kusoma, iacheni, itawaharibu macho.

Yangu yameishia hapa. Aliyeipenda aibebe bure. Aliyeona kosa alirekebishe, akaisimulie upya kwao.