Mlango wa Pembeni wa Mzee Lwitiko

Sikilizeni kwa makini, kwa kuwa hukumu ya kisa hiki itaangukia kwenu.

Watu watatu walitunza programu huria ya kukokotoa dozi za watoto, iliyotumika katika zahanati nyingi. Tumsifu alijua kuziamuru kompyuta. Shekue, muuguzi, alijua makosa yanapojificha. Nyamizi alijua kusema hapana. Mwanzilishi wao, Mzee Lwitiko, alikuwa anastaafu. Alitangaza kwamba ufunguo wa hazina ya msimbo, yaani mamlaka ya kuamua kipi kiingie na kipi kikataliwe, atamkabidhi mmoja tu. Nyamizi aliutaka, wala hakuficha.

Tumsifu aliunda mtambo wa ukaguzi. Kila badiliko lilipoletwa, mtambo uliijenga programu upya na kuijaribu wenyewe: taa ya kijani, lipite; nyekundu, lirudi. Ila kwa heshima alimwachia Mzee mlango wa pembeni wa kuukwepa mtambo, kwani tangu awali kazi ya Mzee haikukaguliwa na yeyote.

Shekue aliandika majaribio ya kuendeshwa na mtambo huo. Aliwakumbuka watoto aliowahi kuwapima: njiti aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye utapiamlo, pacha mdogo. Bila majaribio hayo, mtambo ungewasha kijani kwa kila upuuzi.

Nyamizi aliuziba mlango wa pembeni. Hakumwambia mtu, ingawa kanuni yao ilitaka kila badiliko lipitiwe kwanza na mwenzao mmoja.

Siku ya kutoa toleo jipya, Mzee alileta marekebisho yake ya mwisho. Taa ikawa nyekundu. Akawapigia simu wote watatu kwa pamoja. Tumsifu akashauri mlango ufunguliwe, wataangalia baadaye. Shekue naye akalegea, akajitolea kulifuta jaribio la njiti, lililoiwasha nyekundu.

"Binti yangu," Mzee akamwambia Nyamizi, "nyumba hii niliijenga mimi. Leo nabisha hodi kwangu?"

"Ndiyo, Mzee. Kama tunavyobisha sisi."

"Na ufunguo huutaki tena?"

"Nautaka. Lakini sifungui."

Mzee akakata simu. Hasira ilipopoa, akayasoma matokeo ya mtambo. Marekebisho yake yalipandisha uzito wa kila mtoto hadi kilo kamili inayofuata. Njiti wa kilo moja na ushei angepewa dozi ya mtoto wa kilo mbili.

Akawaita tena. Tumsifu akasema kwamba bila mtambo wake hakuna ambacho kingejaribiwa. Shekue akajibu kwamba bila majaribio yake mtambo ungekuwa kipofu. Nyamizi hakujisifu. Mzee akamuuliza kwa nini aliuziba mlango kinyemela, kinyume cha kanuni anayotaka akabidhiwe kuilinda.

"Ningeomba, mngenikatalia," akasema. "Niliivunja, Mzee. Na ningeivunja tena."

Mzee bado ameushika ufunguo. Mmoja aliunda mtambo akaacha upenyo. Mmoja aliandika jaribio akawa radhi kulifuta. Mmoja aliilinda kanuni kwa kuivunja. Haya, nanyi mnaosikiliza: mngeuweka ufunguo huo mkononi mwa nani?