Hodi Chini ya Makangaga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapigiana hodi, aliishi Sange. Mnamjua Sange: mdogo kama panya, pua ndefu, miguu haitulii. Alikuwa na bustani yake kivulini, chini ya miti mikubwa. Humo alipanda makangaga tu, yale majani ya msituni yasiyotoa ua. Aliyatilia majani yaliyooza, akayamwagilia maji. Kiangazi kilipokausha vingine vyote, makangaga yalibaki kijani, na chini yake Sange akawaficha watoto wake, Mwewe asiwaone.

Siku moja ya ukungu akaja Nguruwe. Hakubisha. Akajibwaga, puu, makangaga yakavunjika.

"Shemeji, umelalia bustani yangu," Sange akasema.

"Pana baridi nzuri. Kesho naing'oa yote nipate tope."

Sange akatazama chini. Machipukizi yalikuwa yanatoka udongoni, yamejikunja, yana manyoya, kama ngumi za watoto wachanga.

"Ng'oa tu," akasema polepole. "Ila wale wa chini wakibisha hodi, usiitikie."

"Wa chini gani?"

"Wenye ngumi hizo. Ukisema karibu, wanafungua vidole."

"Nenda zako, pua ndefu we."

Usiku Sange akaingia shimoni mwake, akapiga mguu ardhini. Du, du, du.

Nguruwe akajigeuza ubavu wa pili.

Du, du, du. Masikio yakamsimama.

Kukapita kitambo. Du, du, du. Sasa Nguruwe hana adabu, lakini kuitikia hodi alizoea tangu utotoni. Likamtoka lenyewe:

"Karibu."

Kulipokucha akaona ngumi moja imelegea. Vidole vya kijani vimemnyookea. Akageuza jani la pembeni: nyuma yake madoa ya kahawia yamejipanga, kama macho.

Nguruwe hakuaga. Kru, kru, kru, akapotelea ukunguni.

Sange akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama," mwanawe akasema, "umepiga mguu vizuri, hasa ile mara ya mwisho."

"Ya mwisho ipi?"

"Ile aliyoitikia Nguruwe."

Sange akaacha kucheka. "Wakati ule nilikuwa nimelala namnyonyesha mdogo wako, mwanangu. Miguu nimeikunja."

Wakatazamana. Chini ya sakafu yao, taratibu: du, du, du.

Hakuna aliyesema karibu.

Basi wanangu, ukitaka kumtisha mtu kwa uongo, hakikisha kwanza kwamba ni uongo.